Nimepata nafasi Edinburgh: niuze ploti aliyoniachia Baba?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34. Kwetu ni Tororo ila naishi Kampala, huku Kibuli, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu ni uigizaji wa jukwaani. Siku tatu kwa wiki nafundisha maigizo shule moja ya sekondari, na mara mojamoja nasoma matangazo ya redio, ndiyo yanayonilipia kodi ya nyumba. Lakini mtu akiniuliza mimi ni nani, namjibu mwigizaji.

Baba alipofariki, miaka minne iliyopita, niliandika mchezo wa mtu mmoja. Baba alikuwa tanboi, yaani msaidizi wa dereva, kwenye malori ya Mombasa, baadaye akawa dereva. Mchezo ni wa dakika 55. Jukwaani tuko mimi, stuli, jerikeni ya njano, kamba ya turubai na jaketi lake lilelile, ambalo hadi leo ukilinusa kwapani linatoa dizeli. Naigiza watu tisa: Baba, tajiri wa lori, askari wa mizani, mama muuza chai wa Malaba kule mpakani, na wengine, mpaka mimi mwenyewe nikiwa na miaka sita nasubiri taa za lori zikate kona. Nimeuandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulicholelewa nacho. Mama ni Mpadhola, Baba alikuwa Msamia, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha.

Kwa miaka minne nimeuonyesha mara kumi na moja. Mwaka jana niliuonyesha kwenye tamasha dogo la michezo ya jukwaani hapa Kampala, ukumbi wa watu themanini, na wengine walisimama. Nilipofika pale Baba anapokaza kamba ya turubai mvua inanyesha, mzee mmoja wa safu ya mbele, amevaa kofia ya kufuma, aliinua mikono yake akaanza kukaza pamoja nami. Hakujua kuwa anafanya hivyo. Koo lilinikaba, nikaendelea.

Mgeni mmoja alirekodi video siku ile. Sasa mwaka huu ukumbi mmoja wa Edinburgh, Uingereza, umeniandikia kwamba wana nafasi yangu kwenye lile tamasha lao la Agosti: siku 22, kila siku saa saba na dakika 20 mchana, chumba cha viti 50. Natakiwa kutoa garantii ya pauni 2,400, nusu yake ndani ya wiki sita. Wameandika pia kwamba watachukua asilimia 40 ya mauzo au hiyo garantii, ile itakayokuwa kubwa. Hapo sijaelewa vizuri. Nilichoelewa ni kwamba wamenitaka. Barua niliisomea kwenye boda, nikalia njia nzima.

Baba aliniachia ploti ya futi 50 kwa 100, upande wa barabara ya Malaba. Kuna mtu anatoa shilingi milioni 18. Mama hataki hata kusikia. Kaka yangu ananiuliza, “Tamasha gani linamlipisha mtu liliyemwalika?” Rafiki yangu aliyeniongoza mchezo anasema nafasi kama hii haiji mara mbili, niuze. Anasema pia nusu ya mchezo ni yake kwa kuwa yeye ndiye aliyeuongoza, na kwamba lazima niugeuze uwe wa Kiingereza. Nimejaribu. Kila ninapomsemesha Baba Kiingereza mdomo unakauka.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nikimaliza kuigiza, wale watu tisa huondoka wote kwa mpigo, nabaki peke yangu kwenye chumba cha kuvalia nimeshika jaketi. Kundi la waigizaji watano wakitoka jukwaani wanacheka, wanalaumiana, wanakwenda kula. Mimi napanda boda narudi nyumbani. Je, hii ni kazi ya kuzeeka nayo, Shangazi, au Mama ana haki anaponiambia niombe ualimu wa kudumu?

Binti wa Tanboi, Kibuli

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwa yule mzee wa kofia. Nitamrudia. Kwanza tumalize la pesa, maana ulipewa wiki sita na baadhi yake zimekwisha.

Usiuze ploti. Na hiyo nusu usiilipe. Nasema hivyo huku natamani mchezo wako ufike mbali kuliko hata unavyotamani wewe.

Kaka yako ameuliza swali lenyewe hasa, na anastahili jibu. Mwaka 1947 Edinburgh waliandaa tamasha kubwa la kimataifa, na vikundi vinane ambavyo havikualikwa vikaja tu, vikajitafutia kumbi pembeni na kuigiza. Tamasha la pembeni lilizaliwa hivyo, na desturi ile wameishika mpaka leo: hakuna kamati inayokaa ikaamua nani aingie na nani abaki nje. Ukipata mwenye ukumbi wa kukupangisha, ukalipa ada ya kujiandikisha, jina lako linaingia kwenye ratiba pamoja na maonyesho mengine zaidi ya elfu tatu. Mimi naupenda uhuru huo. Hakuna mkubwa wa kukuzuia mlangoni kwa sababu hukusoma shule fulani au hujulikani na fulani. Lakini ndiyo sababu karatasi uliyoipata si mwaliko. Ni ofa ya pango. Sisemi kwamba ni matapeli, wala sisemi video haikuwagusa. Wenye kumbi nao huchagua wa kumpangisha. Ninachosema ni kwamba viti visipouzwa, wao wameshalipwa na wewe ndiye unayebeba hasara.

Tupige hesabu pamoja, chukua kalamu. Pauni moja tuihesabu shilingi 4,800. Garantii peke yake ni milioni 11 na nusu. Chumba cha kulala Edinburgh mwezi wa Agosti, mji ukiwa umefurika wageni, ukikipata kwa pauni 1,200 shukuru Mungu; hiyo ni karibu milioni 6. Ploti imekaribia kwisha hapo, na bado hujanunua tiketi ya ndege, hujalipa viza, hujajiandikisha, hujachapisha vipeperushi, hujala, wala hujamlipa mtu wa taa.

Sasa mapato. Viti 50 kwa siku 22 ni viti 1,100. Tuseme umebahatika, wewe mgeni usiyejulikana, ukajaza theluthi moja. Ni tiketi kama 366, na kwa pauni 10 kila moja unapata pauni 3,660. Asilimia 40 yake haifiki 1,500, na kwa kuwa garantii ndiyo kubwa, wanachukua 2,400 zao. Kifungu ambacho hukukielewa maana yake ni hiyo. Mkononi unabaki na pauni 1,260, shilingi milioni 6 hivi, kabla ya kamisheni ya tiketi na kodi. Hizo zinakurudishia pesa ya chumba cha kulala tu; ndege, viza, chakula na vipeperushi vyote ni hasara yako. Ukumbi ukijaa kila siku, siku zote 22, hapo hesabu inabadilika kabisa. Lakini nani atakujazia ukumbi saa saba mchana katika mji usiokujua? Ni wewe mwenyewe. Kule mwigizaji husimama barabarani kila siku, pale Royal Mile, anagawa vipeperushi na kuwabembeleza wapita njia waje kumwona. Wenye kundi la watu watano hupokezana. Wewe utapiga kelele barabarani asubuhi yote, kisha uende ukawape sauti watu tisa kwa dakika 55, siku 22. Na chumba hakitakuwa chako: aliyekutangulia akitoka unapewa kama robo saa ya kupanga vitu vyako, na ukimaliza unavitoa haraka kwa sababu mwingine anasubiri mlangoni. Sauti yako ndiyo shamba lako. Nisingependa uirudishe Entebbe imekauka.

Nakueleza haya kwa kuwa yalinifika. Miaka ya tisini tulitoka wanne kwenda tamasha moja la nje, kwa mkopo wa chama chetu cha akiba. Usiku wa kwanza walikuja watu sita, wawili wao wafanyakazi wa ukumbi. Usiku wa tatu walikuja wanne, na mmoja alikuwa amekosea mlango, ila alikuwa na adabu akabaki mpaka mwisho. Tuliigiza kwa moyo wote, naapa. Mkopo tuliulipa miaka miwili. Mmoja wetu, na ndiye aliyekuwa na kipaji kutuzidi sote, hakurudi jukwaani tena. Watazamaji wanne hawakumvunja moyo, alishaigizia wachache kuliko hao. Ni lile deni. Kila aliposikia neno tamasha alimwona mweka hazina wa chama. Nikikutana naye sokoni Nakawa tunaongelea bei ya viazi, na mimi bado naiona ile mikono yake.

Nisikufiche upande wa pili. Wapo waliotoboa. Phoebe Waller-Bridge, mwigizaji wa Uingereza, alipeleka Edinburgh mchezo wake wa mtu mmoja mwaka 2013, na mchezo ule ukaja kuwa tamthilia ya televisheni iliyojulikana dunia nzima. Ni kweli tupu, na rafiki yako bila shaka atakutajia. Lakini alitokea London, safari ya treni ya saa tano hivi, bila viza, akiwa na wenzake waliokuwa wakitengeneza naye michezo kwa miaka. Hakuna aliyemwomba ploti ya baba yake.

Sasa nije kwenye namba iliyonishtua barua nzima, na si ile milioni 18. Ni kumi na moja. Mara kumi na moja kwa miaka minne! Mwanangu, huo mchezo bado hujaujua. Mwigizaji wa peke yake hana mwenzake wa kumrekebisha jukwaani. Ukiwa na mwenzako, ukichelewa anakuvuta, ukikimbia anakushika. Wewe wa kukuvuta ni watazamaji tu, na watazamaji utawajifunza kwa kukutana nao tena na tena: hapa watacheka, hapa watajikuna, hapa ukinyamaza mpaka tatu watavuta pumzi. Mara ya kumi na moja bado unakisia. Mara ya arobaini mwili unajua wenyewe, na hata mtoto akilia ukumbini unamwingiza mchezoni.

Hizo arobaini utazipata wapi? Nilipokuwa nasoma kuhusu Baba yako nikaiona njia, nikashangaa kwamba hujaiona. Mchezo wako una barabara yake. Anzia Malaba. Vuka uende Eldoret, ushuke Salgaa pale madereva wanapolaza malori, Nairobi, Mlolongo, Mtito Andei, Mariakani, umalizie Mombasa. Njia nzima hiyo watu wanaongea Kiswahili, na njia nzima kuna waliolala chini ya trela wakisubiri karatasi zao zigongwe mhuri. Kuvuka kwenda Kenya huhitaji viza wala pasipoti. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda tunavuka kwa kitambulisho cha taifa. Taa huhitaji, taa mbili za mbele za lori zitakumulika kuliko ukumbi wowote. Jerikeni ya njano utaikuta kila kibanda. Kiingilio ni kapu linalopita mkono kwa mkono mwishoni. Panga na mwenye yadi au mwenye hoteli mapema, na upande wa Kenya pitia ofisi ya utamaduni ya kaunti uulize kibali kinatakaje, usije ukakatizwa katikati. Anza saa moja na nusu usiku, wakiwa wameshakula na hawajalala. Shule yako ina likizo ya Mei, ya Agosti na ile ndefu ya Desemba. Kwa likizo mbili tu utakuwa umepita arobaini. Nauli ya basi na chakula cha watu wawili haziifikii hata robo ya garantii.

Usidhani nakurudisha nyuma. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walibeba jukwaa lao wakaanza kuzunguka miji na vijiji bila kudai kiingilio, wakiigiza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Sehemu kubwa ya walioujenga uigizaji wa nchi hii walikomaa kwa safari za namna ile, mbele ya watu waliosimama na watoto migongoni.

Ukiwa na usiku hizo arobaini mfukoni, omba matamasha yanayoalika kweli. Mwaliko una tiketi ndani yake. Kila mtu akikuandikia, muulize mambo matatu kabla hujashukuru: nani analipa nauli, nani analipa malazi, na ni shilingi ngapi kwa onyesho. Hapa nyumbani tuna Tamasha la Kimataifa la Tamthilia la Kampala, lililoanza 2014. Kigali wana Ubumuntu tangu 2015, mwezi wa Julai, uwanjani pale kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Utavuka kwa kitambulisho kilekile. Bagamoyo wana tamasha la TaSUBa, ile taasisi ya sanaa na utamaduni, na huko Kiswahili chako kitakuwa nyumbani. Afrika Kusini, Makhanda, wana tamasha tangu 1974 lenye upande wake wa pembeni. Ukienda beba koti zito, Juni na Julai ni baridi kali. Na kama lazima uende mbali kwa gharama yako siku moja, tazama Kanada kabla ya Uingereza. Edmonton walianza 1982, na matamasha ya pembeni ya kule mengi huchagua waigizaji kwa kura, unalipa ada iliyo wazi, na bei yote ya tiketi inakuja kwa msanii. Bado utahitaji viza na nauli, lakini hakuna garantii ya kukumeza.

Ukumbi wa Edinburgh wajibu vizuri. Waambie asante, mwaka huu hutaweza, na uulize kama wana mpango wowote wa kumleta msanii wa nje bila garantii, au wa wiki moja badala ya tatu. Watu huheshimu jibu la namna hiyo. Wakikubali siku moja, fuatilia viza mapema sana. Uingereza ina orodha ya matamasha ambayo msanii anaweza kwenda kuigiza kwa viza ya kawaida ya mgeni, na la Edinburgh limekuwemo. Hakikisha orodha ya mwaka wako.

Lugha. Hapa nakuomba uwe mkaidi. Byron Kawadwa, mwandishi wetu wa michezo ya jukwaani, alipopeleka mchezo Lagos mwaka 1977, kwenye lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, alipeleka mchezo wa Kiganda, na ndio uliobeba jina la Uganda. Aliporudi aliuawa, na kila mwigizaji wa nchi hii anapaswa kulijua jina lake. Miaka ileile Robert Serumaga na kundi lake la Abafumi waliizunguka dunia wakiigiza kwa mwili, ngoma na sauti, maneno machache, wakati wa Idi Amin, ambapo neno moja lingeweza kukumaliza. Dunia iliwaelewa. Yule mzee wako hakuinua mikono kwa sababu ya neno lolote ulilosema. Aliona jinsi mgongo wako ulivyojipinda. Ukienda kwa wasiojua Kiswahili, weka tafsiri kwa maandishi ukutani. Na kama unataka Kiingereza kiwemo, wape askari wa mizani na tajiri wa lori. Wao ndio waliomsemesha Baba Kiingereza ili ajue yeye ni mdogo. Hapo Kiingereza kitakuwa na kazi jukwaani. Baba asiguswe.

Rafiki yako aliyekuongoza alipwe, tena alipwe vizuri, lakini mchezo ni wa aliyeuandika. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inakulinda wewe mwandishi. Kaeni, muandike karatasi: asilimia fulani kwa kila onyesho linalotumia uongozi wake, sahihi mbili, shahidi mmoja. Kisha peleka mchezo ukausajili URSB, ile ofisi ya usajili ya serikali, ili uwe na ushahidi. Fanya hivyo kabla ya onyesho la kumi na mbili, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Kuhusu ule upweke. Sitakuambia utazoea, mimi sikuzoea. Ila nimejua kwamba kinachouma zaidi ni zile dakika ishirini za kwanza, mwili bado una watu wengine ndani yake na hakuna anayekuuliza habari zao. Kwa hiyo usivue jaketi peke yako. Huyo utakayesafiri naye, wa taa na mizigo, usimchague kwa ujuzi tu. Mchague yule unayeweza kula naye ukiwa umenyamaza. Yeye ndiye akushike bega jaketi likitoka, alikung'ute, alitundike. Halafu usikimbilie boda. Toka nje ukakae na waliokutazama, chai ipite, wakuambie baba zao walikuwa nani. Kwenye barabara ile kila mtu atakuwa na wa kumtaja, na utarudi na sauti ya kumi na ya kumi na moja.

Ualimu wa siku tatu ushike, ndio unaokupa uhuru wa kukataa ofa mbaya. Wa kudumu sijui. Hilo tuandikiane tena baada ya safari, ukishajua usiku arobaini zimekufanya nini.

Kuna jambo moja limekosekana kwenye barua yako. Umenieleza Mama anavyokataa ploti isiuzwe, lakini hukuandika popote kwamba Mama ameuona mchezo. Kama hajauona, naanza kuelewa kwa nini hataki. Kwake unauza kipande cha mumewe ili ukawaonyeshe wageni kitu ambacho yeye hajaonyeshwa. Onyesho la kwanza la safari liwe Malaba, na kiti cha mbele katikati kiwe chake. Mwambie mapema kwamba jaketi litakuwepo, asilione ghafla. Na akikuambia baadaye kwamba Baba hakutembea vile, au kwamba siku ile hakukuwa na mvua, sikiliza, uandike.

Yule mzee wa kofia mtafute pia. Waulize walioandaa tamasha, wengine watakuwa wanamjua. Mtu hakazi kamba ya hewa namna ile kama hakuwahi kukaza ya kweli. Mpelekee kamba yako, umwombe akuonyeshe fundo.

Tarehe ya Malaba ikipatikana niandikie. Nitapanda basi la asubuhi. Unitengee kiti karibu na Mama.

Shangazi